Bunduki na Wajibu wa Mtawala

Mtu akisimama Mkumbara na kuinua macho huiona milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Siku za Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hata mwaka 1862, ukuta huo ulikuwa ngome ya kutosha. Mji wake wa Vugha ulikuwa juu mlimani. Watu wake walipigana kwa mikuki na pinde. Na adui wa nyikani, kama Wamasai, aliona taabu kuwafuata penye miteremko na misitu.

Kisha silaha mpya ikageuza mambo. Bunduki na baruti zilitoka Pangani pamoja na misafara, nayo misafara ilipita nyikani. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde chini ya mlima, kwenye njia ya wafanya biashara, akajipatia bunduki nyingi. Kimweri alipokufa, mjukuu wake Shekulwavu alirithi kiti. Lakini Semboja alimpiga vita, na Vugha ikateketezwa. Hivyo nguvu ilishuka kutoka mlimani, ikakaa nyikani.

Je, mtawala hukosa akitwaa silaha mpya? Wengine watasema, “Jirani akiwa na bunduki, mlinzi wa watu atatokaje na fimbo?” Neno hili lina haki. Namna ya vita hubadilika, wala asiyebadilika hawezi kuwalinda watu wake. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliposhuka kwa reli na bonde la Pangani mpaka Korogwe na Handeni, boma la miti la wazee wetu lingefaa nini mbele ya mizinga?

Lakini haitoshi kuuliza kama silaha ina nguvu. Imetupasa kuuliza pia imenunuliwa kwa nini. Baruti ya siku zile ilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa wanadamu. Aliyetaka bunduki alitafuta mateka. Na apate mateka, alitaka bunduki zaidi. Mwisho wake watawala waliwauza hata raia wao wenyewe. Ndipo Wabondei walipoinuka, katika miaka ya mwisho ya 1860, wakawafukuza Wakilindi waliowatawala. Jeshi lilikuwa limepata nguvu, na ufalme umevunjika. Kwa maana ulinzi ulilipwa kwa wale waliopaswa kulindwa.

Siku hizi ziko ndege za vita zisizo na rubani, na kesho kitazuka kingine. Silaha hugeuka kila kizazi, lakini wajibu wa mtawala haugeuki: watu ndio sababu ya ulinzi, wasifanywe bei yake. Basi, tusikiapo serikali yo yote ikijisifu kwa silaha zake, na tuulize kwanza: ni nani aliyezilipia, naye je, yu salama?