Mwiba wa Kujichoma

Soma 2 Samweli 12:13–24. Je, Daudi alisamehewa kabla ya msiba au baada yake?

Mwiba wa kujichoma, husema wahenga, hauambiwi pole. Msemo huo wafaa kumwonya mtoto. Msibani ni mzito mno. Baba ambaye ulevi wake umeitawanya nyumba yake huketi kanisani Sabato baada ya Sabato bila kuomba aombewe. Mjane na yatima wana ahadi zao. Yeye aliyejiletea machozi aende wapi?

Daudi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alimtwaa Bathsheba, akapanga Uria afe vitani, kisha mtoto akaugua. Alifunga na kulala chini, akakataa kuinuliwa na wazee wa nyumba yake. Siku ya saba mtoto akafa. Daudi alipojua, aliinuka, akaoga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana, akasujudu. Ndipo akarudi kwake akaomba chakula.

Watumishi wake walishangaa. Lakini angalia mpangilio wa mistari: Nathani anatangaza kwamba Bwana ameiondoa dhambi katika mstari wa 13, ugonjwa wa mtoto unaanza mstari wa 15. Daudi alilia akiwa amekwisha kusamehewa. Machozi yake hayakulipa deni lolote. Wengi hudhani kwamba kuendelea kuumia ni dalili ya kutosamehewa, basi huzidi kujitesa ili msamaha ufike. Kwa nini mtoto asiye na hatia aguswe? Mstari wa 14 unataja adui za Bwana waliopewa nafasi ya kukufuru, wala hauelezi zaidi.

Faraja ya Daudi haikutokana na kudhani kwamba mtoto yu hai mahali fulani. Mstari wa 23 hutumiwa hivyo mara nyingi, ingawa Matendo 2:29, 34 inasema kwamba Daudi mwenyewe hakupanda mbinguni. Angemfuata mwanawe kaburini, wangoje ufufuo. Siku ile hakurudishiwa kitu chochote. Alikwenda kwa Mungu yule yule aliyemkemea.

Kisha yupo Bathsheba, ambaye wasomaji humpita haraka. Huzuni yake ilitokana na dhambi ya mtu mwingine. Alikwisha kumwomboleza mumewe (2 Samweli 11:26), sasa amefiwa na mtoto. Mstari wa 15 bado unamwita mke wa Uria; katika mstari wa 24 ni mke wa Daudi, na Daudi anamfariji. Angewezaje, kama angebaki sakafuni na hatia yake? Anayekataa kufarijiwa huonekana mnyenyekevu, lakini hana cha kumpa yule aliyemwumiza. Na mtoto aliyezaliwa baadaye, Bwana alimpenda, akamtuma Nathani, nabii yule yule, ampe jina la Yedidia.

Upanga haukuondoka nyumbani mwa Daudi. Amnoni aliuawa, Absalomu akaasi, na mfalme akaupanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, akilia, mpaka kileleni, mahali ambapo Mungu alikuwa akiabudiwa (2 Samweli 15:30–32).

Katika kundi lenu, mtu aliyejiletea huzuni yake mwenyewe huambiwa nini anapofika? Na yule aliyeumizwa naye, nani humketia karibu?