Kisu cha Tabibu na Aibu ya Watu

Imezoeleka katika miji yetu kwamba mwanamke aliyepasuliwa husemwa hakuzaa, ametolewa mtoto tu. Na wako waume wazuiao ruhusa mpaka ukoo ukutane, hali mke anatokwa na damu. Je, hayo yana asili katika dini?

Hayana. Mafakihi wa Kishafii, ambao ndio tuwafuatao, walikwisha kusema kwamba mwanamke akifa naye ana mtoto tumboni anayetarajiwa kuishi, hupasuliwa mtoto akatolewa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameitaja mas-ala hii katika Majmuu. Basi ikiwa heshima ya maiti, nayo ni kubwa, huachwa kwa ajili ya uhai wa mmoja, vipi tusite panapotarajiwa kuokoka wawili?

Lakini dharura hupimwa kwa kadiri yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba upasuaji ukizidi 10 katika kila uzazi 100 wa nchi, ziada hiyo haionekani kupunguza vifo vya kina mama wala vya watoto wachanga. Na kovu lina hatari zake katika mimba za baadaye. Kwa hivyo tabibu apasuaye kwa tamaa ya fedha, naye ataulizwa.

Basi, ndugu msomaji, shaurianeni na mkeo kabla uchungu haujaanza, ili saa ya hatari isiwe saa ya baraza. Naye akirudi na kovu lake, mpokee kwa heshima ya mzazi kamili.