Jina Lieleze Kazi au Likumbukwe?

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani, lakini hawakutuachia kipimo cha kulitambua jina hilo. Swali hili lilitufikia upya katika Zone Industrielle ya Bujumbura, mtaa wa viwanda, maghala na gereji, ambao jina lake la Kifaransa halina fumbo: lataja kazi ya mahali, basi.

Mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni mwandishi wa programu za kompyuta, alikuwa ametunga maktaba ya programu kwa ajili ya ghala moja mtaani humo. Maktaba ya namna hii si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyo wa vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo waandishi wengine huviazima ili wasianze kazi upya. Yake ilihesabu magunia yanayoingia na kutoka. Yeye alitaka kuiita Hesabu-Magunia. Mwenziwe alishikilia iitwe Kiboko, kwa kuwa viboko wa Ziwa Tanganyika hawasahauliki. Wakatujia na shauri lao: "Mwalimu, tuamulie."

Mzozo huu si wa Bujumbura peke yake. Miongoni mwa maktaba za lugha ya kompyuta iitwayo Python, ipo Requests, yaani "maombi", kwa kuwa kazi yake ni kupeleka maombi kwenye intaneti. Ipo pia Beautiful Soup, yaani "supu nzuri", ambayo huchambua kurasa za intaneti, wala haina chungu wala kijiko. Mwingereza huliona jina la kwanza kuwa maelezo na la pili kuwa mzaha. Lakini kijana wa Buyenzi asiyejua Kiingereza huyakariri yote mawili kama sauti tupu. Tazama pia Ushahidi, programu iliyobuniwa Kenya mwaka 2008 ili kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi: kwetu jina lataja kazi, kwa mgeni ni neno la kupendeza tu. Kadhalika Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa mwaka 2004: sikio la Mrundi husikia humo utu na ukarimu, na hata "ku buntu", yaani bure. Basi jina huwa la maelezo kwa yule tu mwenye lugha.

Hata kwa mwenye lugha, kila upande una hatari yake. Jina la maelezo huweza kugeuka uongo. Leo ni magunia, kesho makreti ya chupa, keshokutwa siku za kazi za wachukuzi. Hesabu-Magunia itakuwa inadanganya. Jina la kukumbukwa nalo lina hatari nyingine: anayelitoa hamiliki kumbukumbu za wanaolisikia. Kiboko si mnyama tu. Ni pia mjeledi wa ngozi yake, uliochapa migongo ya wazee wetu zama za utawala wa Wabelgiji, uliokwisha mwaka 1962. Je, mchukuzi aambiwe kwamba mizigo yake imehesabiwa na Kiboko? Vijana walicheka, kisha wakanyamaza.

Tuonavyo sisi, kukipa kitu jina ni kumwekea ahadi mtu ambaye bado hajafika. Mtoaji hulifurahia jina siku moja. Mwanafunzi atakayekuja hulibeba miaka. Kwa hiyo, chombo kidogo chenye kazi moja na kiitwe kwa kazi yake. Kile kitakachokua kipewe jina pana, lisilokifunga wala kumuumiza mtu, na chini yake iandikwe sentensi moja ya kukieleza, kwa lugha ya wale watakaokitumia.

Tulipendekeza Karani, mtu ambaye kila ghala lamjua, ahesabu magunia au ahesabu siku. Walikubali. Ile sentensi ya maelezo wakatuachia sisi tuiandike kwa Kiswahili. Ilituchukua jioni nzima, na hapo tukatambua kwamba tulikuwa tukiwahukumu vijana kwa kazi ambayo nusu yake ilikuwa ya mwalimu wa lugha.