Mwenyeji Katika Uwanja Usio Wake

Juma lililopita tulipata barua ndefu kutoka kwa msomaji wetu mmoja akaaye Marekani, katika Jimbo la Michigan. Mwezi wa Julai mwaka jana wenzake, watu wa Tanzania, Kenya na Kongo wakaao huko na wake zao na watoto wao, walimteua awe mwenyeji wa matembezi ya siku nne kando ya Ziwa Michigan. Walikodi motokaa kumi za namna ile iliyojengwa kama nyumba, yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, wakaenda kupiga kambi katika hifadhi moja ya Jimbo. Mambo yote yalikwenda vema, asema, ila jambo moja, na jambo hilo lamnyima raha hata leo. Kwa idhini yake twamjibu hapa hadharani.

Katika hifadhi za Michigan mtu aweza kujiwekea nafasi ya kambi miezi sita kabla ya siku yake. Ndugu yetu, kwa kuwa ni mtu wa mpango, aliwahi, akapata nafasi tisa ukingoni mwa maji, na ya kumi huko nyuma, karibu na vyoo. Lakini katikati ya zile tisa palikuwa na nafasi moja iliyokwisha kuchukuliwa na mtu mwingine. Walipofika walimkuta: mzaliwa wa nchi ile, mwenye mke na watoto watatu, hema dogo na motokaa kuukuu. Wenzake wakamwambia mwenyeji wao, "Kamwombe abadilishane nasi, tupate kuwa pamoja." Akaenda, akaomba kwa adabu. Mtu yule alizitazama motokaa tisa zilizokwisha kumzunguka, akamtazama mkewe, akasema haya. Akang'oa hema lake, akahamia nyuma ya vyoo. Msimamizi wa uwanja hakuona kosa.

"Niliomba tu, naye alikubali," aandika ndugu yetu. "Basi mbona usiku ule sikupata usingizi?"

Kabla ya kujibu, yafaa tufikiri kidogo juu ya kazi hii ya uenyeji, maana katika safari za namna hii ina ugeni wake. Kwetu mwenyeji ni mwenye nyumba. Humpa mgeni kitanda, maji ya kuoga, chakula, na zaidi ya hayo humpa jina lake limkinge kijijini. Lakini huyu mwenyeji wa Michigan ampe nini mgeni aliyekuja na kitanda chake, jiko lake na hata choo chake? Twajua kazi zake, naye amezieleza zote: kupanga nani akae wapi, kuelekeza motokaa ndefu zirudi nyuma bila kugonga mti, kugawanya gharama, kukumbusha kila mmoja kumwaga maji machafu mahali pake. Ni kazi za karani mwema. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni vigumu kuona uponyaji huo unaingilia wapi, ikiwa kila mmoja amejifungia katika nyumba ya bati isiyo na baraza.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho hakuna kati yao aliyekuja nacho, nacho ni mahali penyewe. Mchanga, misonobari, na ziwa lile lenye eneo la kilomita mraba 58,000 hivi, dogo kidogo kuliko Victoria yetu, si mali ya mwenyeji wala ya wageni wake. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa motokaa zikokotazo nyumba kutoka Cape Town kwenda Cairo, wakapita Kongo, Uganda na Kenya. Walikuwa na nyumba zao, lakini barabara, maji na ruhusa ya kulala vilikuwa vya watu wengine. Abeba nyumba yake mgongoni kama kobe, na bado ni mgeni.

Ibrahimu naye alikuwa hivyo. Twamkumbuka akikimbia kutoka mlangoni pa hema lake chini ya miti ya Mamre kuwalaki watu watatu, akawachinjia ndama. Hatukumbuki upesi kwamba hakuwa na shamba hata moja katika nchi ile. Mkewe Sara alipokufa ilimbidi asimame mbele ya wenye nchi, akiri kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kwao, akanunua pa kumzika kwa shekeli 400 za fedha. Huyo ndiye mfano wa wakarimu wote: mtu aliyekaribisha watu katika uwanja usio wake.

Sasa, mwenyeji wa namna hii ana wajibu ambao mwenye nyumba hana kwa kiasi kile. Mwenye nyumba huonyesha wema wake kwa kutoa. Huyu sharti auonyeshe kwanza kwa kuzuia, yaani kuwazuia wageni wake mwenyewe, na hilo ni gumu kuliko kuchinja ndama. Tutoe mfano wa kuni. Nani asingemshukuru mgeni aliyekuja na mzigo wa kuni kutoka kwake? Lakini huko Michigan, karibu na mji wa Detroit, mwaka 2002 alionekana mdudu mdogo wa kijani king'aacho, aliyetoka Asia, ambaye mabuu yake hula chini ya gome la miti iitwayo ash. Tangu hapo mamilioni ya miti hiyo yamekufa, na njia moja iliyomsafirisha mdudu huyo ni kuni za watu waendao kambi. Kwa hiyo mwenyeji wa huko huwaambia wageni wake mapema: msije na kuni, tutanunua papo hapo. Akataa zawadi ili msitu upone. Vivyo hivyo ikifika saa nne ya usiku, saa ya kunyamaza katika hifadhi zile, ni yeye awaendeaye rafiki zake wakiwa katikati ya wimbo, na kusema basi. Asiposema yeye, atasema jirani, na jirani akilazimika kusema, uenyeji umekwisha kushindwa.

Turudi kwa mtu wa hema. Ndugu yetu ajitetea kwamba aliomba tu. Sisi twaona alikosa, ingawa kuomba kwenyewe si dhambi. Mtu mmoja akimwomba mtu mmoja, hilo ni ombi. Mtu mmoja akiomba na nyuma yake pana motokaa tisa, injini zingali zanguruma, na watu thelathini wakingoja jibu, je, yule aombwaye ana nafasi gani ya kusema hapana? Kukubali kwake ni kukubali kwa mtu aliyehesabu. Alijua kwamba akikataa atakaa siku nne akizungukwa na wale aliowanyima. Sheria haikuvunjwa, na aliyehama hakulalamika, wala hilo halituondolei shaka, maana wanyonge wengi huhama bila kulalamika.

Labda mtu atasema: je, mwenyeji hana deni kwa watu wake kwanza? Analo. Alipewa dhamana wawe pamoja, na watu walio mbali na kwao wahitaji sana kuwa pamoja. Hatulidharau jambo hilo. Sisi wenyewe twajua ladha ya Kiswahili kikisikika ghafla katika nchi ya baridi. Lakini umoja wao ulipungua nini kwa hema moja katikati yao? Watoto watatu wangecheza na wale wengine kabla ya jua kuchwa. Nadhani hofu yetu ilikuwa hii hasa, kwamba mgeni asiyealikwa angetulazimu kumkaribisha. Twasema "yetu", kwa kuwa hatuna hakika kwamba sisi tungetenda vingine.

Mwaka huu, aandika, wamemteua tena, naye afikiri kukataa. Tungemsihi asikatae. Achukue nafasi zilizo pamoja huko nyuma, awaachie ukingo wa maji watu wapatao nafasi siku mbili kabla, ambao kazi zao haziwaruhusu kupanga miezi sita mbele. Wenzake watanung'unika jioni moja.

Mwishoni mwa barua ataja jambo dogo, kana kwamba halina uzito. Asubuhi ya pili mkewe, bila kumwuliza, alipeleka sahani ya maandazi kule nyuma ya vyoo. Jioni mtoto mkubwa wa mtu yule aliirudisha imejaa cheri, kwa kuwa Julai ndiyo majira yake huko. Alisimama kando ya ngazi ya motokaa kwa muda mrefu, sahani mikononi, asijue pa kupigia hodi.