Kosa la Kutojua Jibu

Februari 2009, wilayani Bukoba, walimu wa shule za msingi walichapwa viboko. Aliyetoa amri alikuwa mkuu wa wilaya, Albert Mnali, na aliyeshika fimbo alikuwa askari polisi. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa matokeo mabaya ya darasa la saba. Nchi ilichafukwa roho. Walimu walipaza sauti, magazeti yakalishikilia jambo hilo, na haikuchukua muda Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa mkuu huyo wa wilaya.

Nayakumbuka mazungumzo ya siku zile, kwenye daladala na kwenye vijiwe vya kahawa. Sikumsikia mtu akiuliza kama viboko vile vingepandisha ufaulu. Swali hilo lilionekana halina hata adabu. Mtu mzima, mlezi wa watoto wetu, hachapwi kwa sababu kazi yake haikuzaa matunda. Basi. Hapakuhitajika utafiti wala semina ya kutufahamisha.

Miaka kumi ikapita. Oktoba 2019 mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi wa sekondari wilayani Chunya, wakituhumiwa kukutwa na simu na kuhusika na kuchomwa kwa mabweni. Picha zilisambaa kila mahali. Safari hii Rais, John Magufuli, alimuunga mkono hadharani, na wengi wetu tulipiga makofi.

Wapo watakaosema mambo haya mawili hayalingani, mmoja ni mwalimu na mwingine ni mtoto aliyeharibu mali ya umma. Sawa, hayalingani. Lakini la kwanza linanithibitishia kwamba Watanzania tunajua vizuri sana fimbo inamfanya nini mtu. Tulilijua siku ile ilipomwangukia mtu mzima, na hatukubabaika.

Mjadala wa viboko shuleni una desturi ya kuanzia kwa yule kijana wa kidato cha tatu anayevuta bangi nyuma ya vyoo, au yule aliyemtukana mwalimu mbele ya darasa. Ukifunguliwa bungeni, redioni au kwenye kikao cha wazazi, huyo ndiye anayeletwa kwanza: huyu naye tumfanyeje? Ni swali halali, na mwalimu anayeliuliza anastahili jibu. Ila huyo kijana ni mmoja katika shule nzima. Anayechapwa wiki hadi wiki ni mtoto wa darasa la tano aliyepata tatu kwa kumi kwenye jaribio la Hisabati. Huyo hajamtukana mtu, hajavuta kitu, amekuja shule mapema na kufagia uwanja. Kosa lake ni kutojua jibu.

Katika shule niliyosoma, kipindi cha kwanza kilianza na hesabu za kichwa. Mwalimu anasoma swali mara mbili, nawe unaandika jibu peke yake. Yakitimia kumi mnabadilishana madaftari na kusahihisha, kisha waliopata chini ya saba wanatoka mbele. Kila swali ulilokosa ni fimbo moja kiganjani. Fimbo tulizikata wenyewe, za mpera, kwa sababu mpera haukatiki upesi. Kundi lenye zamu lililazimika kuja nazo asubuhi pamoja na fagio na dumu la maji. Dawati la nyuma alikaa mwenzetu mmoja ambaye tangu swali la kwanza mkono wake wa kushoto ulikuwa kwapani. Alikuwa akiupasha moto. Kiganja cha baridi kinauma zaidi, na sote tulilijua hilo kuliko tulivyolijua jedwali la saba. Kijana huyo jioni alikaa sokoni na mama yake, muuza dagaa, na chenji aliihesabu kabla mteja hajamaliza kufungua pochi. Darasani alipata mbili, au tatu. Akili yake yote ilikuwa imehamia kwapani. Tulipofika darasa la sita, siku za jaribio akawa haji kabisa.

Sisi tuliobaki tulijifunza mengi, ila si yale ya kwenye ubao. Tulijifunza kuchungulia, na tulijifunza ni nani wa kubadilishana naye daftari. Zaidi ya yote tulijifunza kuitikia. Mtu yeyote aliyepita shule zetu analijua swali hili na jibu lake: “Mmeelewa?” Na darasa zima, kwa sauti moja: “Ndiyooo, Mwalimu!” Wanaitikia walioelewa, wanaitikia wasioelewa, na wanaitikia hata waliokuwa hawasikilizi. Atakayesema hajaelewa anajitaja mwenyewe kwa ajili ya kesho. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko maumivu yenyewe, kwa maana mwalimu hana msaidizi bora kuliko yule mtoto mmoja mwenye ujasiri wa kusema, “Mwalimu, hapo umeniacha.” Fimbo imemnyamazisha huyo kwanza kabla ya watukutu wote.

Na wala sheria yenyewe haikuwahi kumlenga mtoto huyu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinaruhusu viboko kwa utovu mkubwa wa nidhamu na makosa mazito. Visizidi vinne. Avichape mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shuleni hayupo. Fimbo iwe nyepesi, iguse kiganja au makalio juu ya nguo, na si mahali pengine popote. Umri na afya ya mtoto viangaliwe. Kisha kila adhabu iandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa.

Mimi ningependa viboko viondoke vyote, sitaki kulificha hilo. Lakini hata anayevitetea aisome kanuni hiyo taratibu, halafu atembelee shule yoyote ya jirani saa mbili asubuhi, wachelewaji wakiwa wamepiga magoti getini. Kinachofanyika pale hakifanani na kilichoandikwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta kwamba takribani nusu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna nchi ambayo nusu ya watoto wake wametenda makosa mazito.

Na Agosti 2018, huko huko Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano, mwenye miaka 13, alifariki baada ya kuchapwa shuleni akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Nalitaja kwa uzito wake, na sitaki kulitumia kumhukumu kila mwalimu. Walimu wengi walilia na familia ile. Lakini ruhusa ikishakuwa kubwa kiasi hicho, mkono wenye hasira hauna pa kugotea.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikimletea hoja hizi huniangalia kwa huruma. “Mdogo wangu, njoo ushinde nao siku moja, halafu uandike.” Darasa lake lina watoto zaidi ya mia. Tangu ada na michango ya lazima ifutwe, Januari 2016, watoto wamekuja kwa wingi, na ni jambo jema kabisa walilokuja kulifuata. Vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Chuoni alifundishwa kuandaa somo na azimio la kazi. Namna ya kulituliza darasa la watoto mia bila kuinua mkono hakufundishwa, aliikuta kazini, na aliyoikuta kazini ni fimbo. Kisha kuna ufaulu. Mkoa unaibana wilaya, wilaya inaibana kata, Afisa Elimu Kata anambana mwalimu mkuu, mwalimu mkuu anambana mwalimu wa somo, naye hana wa kumbana ila aliyekaa mbele yake na penseli. Mkuu wa wilaya wa 2009 aliipitia ngazi hiyo hiyo, ila aliishia kwa walimu. Ndiyo maana tuliona.

Wazazi nao tumo. Wangapi tumempeleka mtoto shule na kumwambia mwalimu, “Mchape tu, mimi ndiye niliyekuruhusu”? Tuna methali ya kusimamia, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Naikubali. Mtoto asiyekatazwa kitu anaharibika, na kumkataza kutamliza. Ninachokataa ni kuisoma kama idhini ya kumwadhibu asiyejua kugawanya sehemu. Na kuna lile neno linalofunga kila mjadala: mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu? Tazama ni nani analisema. Ni sisi tuliofika mwisho, tuliokaa kwenye kikao, tunaoandika magazetini. Yule wa dawati la nyuma hajaalikwa kuja kueleza fimbo ilimfanyia nini, na wenzake wa aina yake ni wengi kuliko sisi.

Majirani wametutangulia, na si kwamba kila kitu kimewanyookea. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ikarudia msimamo huo kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na bado wazazi huko wanalalamika watoto kurudi na alama mgongoni. Marufuku bila kumpa mwalimu njia nyingine huifanya fimbo ihame ofisini na kujificha stoo. Uganda kuna jambo linalonipa moyo zaidi. Wilayani Luwero, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi: walimu na wanafunzi wakaketi pamoja kuweka taratibu za shule, walimu wakajifunza namna za kumrekebisha mtoto bila kumpiga, na uongozi wa shule ukahusishwa tangu mwanzo. Watafiti walilinganisha shule 42, zilizofuata mpango huo na ambazo hazijaanza. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa hatari ya mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja ilipungua kwa asilimia 42. Alama za mitihani hazikupanda. Wala hazikushuka. Kwa anayeamini kuwa ufaulu unasimama kwa fimbo, hapo pana jambo la kukaa nalo.

Hata dada yangu, ambaye bado tunabishana kuhusu watukutu, ameacha kuchapa kwa ajili ya alama. Jaribio likiisha hahesabu tena nani kakosa mangapi. Anapita kwenye madaftari akitafuta swali lililokosewa na wengi, na kesho yake anaanza nalo hilo. Mwezi uliopita lilikuwa la kutoa kwa kukopa: watoto wengi waliandika kuwa 502 kutoa 178 ni 476, kila safu wakitoa dogo kwenye kubwa bila kujali lipi liko juu. “Wote wamekosea njia moja,” aliniambia. “Sasa nimchape nani? Ni mimi sikuwaonyesha sifuri inavyokopa.” Akachukua vijiti, akavifunga mafungu ya kumi kumi na ya mia, akawaita mbele wafungue wenyewe.

Kikao cha wazazi muhula huu kitakuwa na ajenda zake: chakula cha mchana, madawati, mitihani ya utimilifu. Ikifika mengineyo, naomba mzazi mmoja anyooshe mkono na kuomba kitabu cha adhabu kiletwe mbele. Ni haki kukiulizia, na mwalimu mkuu anayefuata kanuni hatakuwa na shida. Kama kipo, kisomwe: makosa ni yapi, viboko vingapi, nani alisaini, na je, humo ndani yumo mtoto aliyeandikiwa “kufeli jaribio”? Kama hakipo, katibu aliingize hilo kwenye muhtasari, pamoja na tarehe ambayo mwalimu mkuu ataleta maelezo.