Jibu Lililochelewa

Mwaka 1934, jijini Oslo, mama aitwaye Borgny Egeland alimwendea daktari Asbjørn Følling na swali ambalo wengine walishindwa kulijibu. Watoto wake wawili walizaliwa wakionekana wazima, kisha akili zao zikadumaa, na miili yao ilikuwa na harufu ya ajabu. Følling aliupima mkojo wao kwa subira hadi akabaini kwamba miili hiyo haikuweza kuvunjavunja sehemu moja ya protini, fenilalanini, ambayo ikilundikana huudhuru ubongo. Leo tunauita ugonjwa huo fenilketonuria. Sababu ilijulikana, tiba haikuwapo.

Jibu lina thamani gani kwa mtu lisiyemponya?

Wengi watasema faida ilikuja baadaye, na kweli ilikuja. Mapema miaka ya 1950, huko Birmingham, Horst Bickel na wenzake walimpa mtoto mmoja chakula kilichopunguzwa fenilalanini, akapata nafuu. Miaka ya 1960 Robert Guthrie, ambaye binti wa shemeji yake alikuwa ameshaumizwa na ugonjwa huu, alileta kipimo cha tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Mtoto anayegunduliwa mapema na kufuata mlo wake sasa husoma, hufanya kazi, huishi. Ni jambo kubwa. Lakini nikilitoa kuwa jibu la swali langu, nitawageuza watoto wale wa Oslo kuwa ngazi ya kupandia wenzao. Faida, kwa maana yangu hapa, ni kheri inayomfikia mtu fulani. Haihamishwi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule ili hesabu zilingane.

Basi mama yule alitafuta nini? Tiba, bila shaka. Nadhani alitafuta pia sababu, nayo si sawa na lawama. Sababu hulifunga tukio na lililolitangulia, hata pasipo mkosaji. Lawama haitulii mpaka impate mtu wa kuibeba. Mtoto akidumaa, lawama haikawii kumfikia mama: alikula nini, ukoo wao una nini? Huku kwetu tunazijua nyumba ambamo mtoto wa namna hiyo hufichwa chumba cha ndani kwa kuogopa maneno. Ilipodhihirika kwamba wazazi wote wawili hurithisha wasichojua wanacho, maneno hayo yalikosa pa kushika.

Hata hivyo jibu lilikuwa na uchungu wake. Kilichodhuru kilikuwamo katika maziwa, katika kila tonge ambalo mama yule aliwalisha wanawe kwa mapenzi. Je, upendo usiojua una kasoro? Sioni hivyo. Upendo ni nia ya kudumu ya kumtakia mwingine kheri, na maarifa ni kuijua njia ya kuifikia. Nia yaweza kukamilika huku njia ingali imefichika. Tena ni nia hiyo iliyomfanya asikubali kwamba swali lake limekwisha, na mtoto ambaye bado anaulizwa habari zake hajahesabiwa kuwa amepotea. Faida hiyo, naamini, watoto wale waliipata wao wenyewe.

Kipimo cha kisigino kinajulikana kwa zaidi ya nusu karne, na bado watoto wengi duniani, wakiwamo wa Afrika Mashariki, huzaliwa pasipo kupimwa hivyo. Ugonjwa huu ni nadra zaidi kwetu, lakini yupo atakayezaliwa nao. Mbele ya mzazi wake sitaweza kusema kwamba hakuna wa kulaumiwa.