Kiti Barabarani

Nilichimba kwa saa mbili na nusu. Theluji ilikuwa imefika magotini, na upande wa barabarani ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu gari la manispaa la kusukuma theluji lilikuwa limepita usiku na kuirundika yote ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa. Theluji iliyosukumwa si ile ya kwenye picha. Imechanganyika na chumvi na matope, na ikilala usiku mmoja inakuwa jiwe. Jioni gari la Shangazi lilitoka, akaenda kazini. Nami nikafanya kama walivyofanya majirani wote wa mtaa wetu hapa Boston: nikaweka kiti cha plastiki kwenye nafasi iliyobaki wazi.

Kiti hicho kinasema: hapa pana mwenyewe. Barabara ni ya umma, lakini manispaa huivumilia desturi hii kwa saa 48 baada ya kuondoa tahadhari ya theluji. Baada ya hapo viti, koni na mapipa ni takataka kama takataka nyingine. Mtu akipuuza kiti chako, sheria haikusaidii sana. Ndiyo maana hadithi za matairi yaliyotobolewa hazikosekani kila msimu.

Shangazi hutunza wazee, zamu ya usiku. Asubuhi aliporudi alikuta gari jingine limekaa pale, na kiti chetu kimetupwa juu ya lundo. Akaegesha mitaa minne mbali, akatembea kwenye barafu na goti lake lile linalomsumbua. Aliingia, akavua viatu, akalala bila kunywa chai.

Mimi nilishika beleshi, nikashuka. Sikutoboa tairi. Nilirudisha theluji ilikotoka. Niliijaza kwenye magurudumu, nikaishindilia mlangoni kwa dereva, na kila beleshi nililotupa lilikuwa na hoja yake. Muhula uliopita tulimsoma John Locke, aliyeandika, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1689, kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake. Nyumbani hatukumhitaji Locke kujua hilo. Mchumia juani hulia kivulini. Jasho langu lilikuwa pale, na mtu alikuwa ameketi juu yake.

Lakini Locke aliweka sharti ambalo siku ile sikulikumbuka: unaweza kujitwalia, mradi wengine wabakiwe na cha kutosha na kizuri kama chako. Baada ya dhoruba, sharti hilo haliwezi kutimia. Nafasi ni chache, ndiyo sababu ya kugombana. Tena mimi sikuwa nimeumba nafasi ile. Nilikuwa nimeihamisha theluji tu, na sehemu yake niliitupa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kazi yangu ilizaa vitu viwili: nafasi, niliyoiita yangu, na lundo, nililowaachia watu wa kituo cha basi.

Manispaa nayo hufanya vivyo hivyo. Barabara ya magari inasafishwa kwa kodi ya wote, ila njia ya waenda kwa miguu ni jukumu la mwenye nyumba aliyepakana nayo, naye anapewa saa tatu tangu theluji ikome. Mwenye gari ni suala la umma. Mama mwenye kigari cha mtoto ni suala la jirani yake, akikumbuka. Huko Sweden, mji wa Karlskoga uliamua kugeuza mpangilio huo, ukaanza na njia za miguu na za baiskeli. Theluji ni ileile, kilichobadilika ni swali la nani aanze kufikiriwa.

Mwaka 1962 Nyerere aliandika kwamba kwa desturi zetu ardhi ni ya jamii, na mtu ana haki ya kuitumia tu. Katika kijitabu hichohicho alikumbusha methali ya mgeni: siku mbili mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Nimeiwaza sana methali hiyo, kwa kuwa saa 48 za Boston nazo ni siku mbili. Kiti nacho ni mgeni. Kazi yangu inastahili kuheshimiwa kwa muda, kama tunavyomheshimu mgeni, lakini mgeni hapati hati ya nyumba.

Hayo yote nimeyafikiri baadaye. Siku ile nilijifunza kwa njia nyingine. Karibu na adhuhuri, nikiwa dirishani, nilimwona mwanamke akitoka nyumba ya tatu, anakoishi mzee asiyetoka kitandani. Amevaa sare kama ya Shangazi. Akalitazama gari, akatazama juu na chini barabarani, kisha akaanza kuchimba kwa kifuniko cha sanduku la plastiki.

Nilishuka na beleshi. Tulichimba pamoja karibu nusu saa. Aliniambia amechelewa kwa mgonjwa wa pili. Alipowasha gari akasema Mungu anibariki. Nikaitikia amina.

Jioni nilimweleza Shangazi kila kitu, nikitegemea angalau anitetee kidogo. Alikuwa akifunga kamba za viatu.

“Na mimi, mwanangu,” akasema, “unadhani nikifika kwa bibi yangu kule huwa naegesha wapi?”

Sikuwahi kumuuliza. Akachukua funguo, akaenda. Kiti bado kiko juu ya lundo, nami sijamwona tena yule mwanamke ili nimwambie ni nani aliyemfukia gari.